Udhuru si dharura, wala si kisingizio

Chukua kumbukumbu za mkutano wowote zilizoandikwa na katibu makini. Kabla ya ajenda utakuta orodha tatu: waliohudhuria, waliotuma udhuru, na waliokosa kufika bila udhuru. Watu wa orodha ya pili na wa orodha ya tatu wote hawakuwepo. Viti vyao vilikaa vitupu sawasawa, na mkutano haukupata mchango wa yeyote kati yao. Hata hivyo katibu amewatenga, na akikosea akamwandika wa orodha ya pili kwenye ya tatu, mhusika atanyoosha mkono mara tu kumbukumbu zitakapofikia kuthibitishwa. Atadai arekebishiwe, na hakuna atakayemwona mtu wa kujali vitu vidogo.

Neno moja ndilo linalomtenga na mwenzake. Kosa ni lile lile, kutofika, ila mmoja analaumika na mwingine halaumiki. Neno hilo limenishughulisha muda mrefu, kwa sababu tunalitumia kila siku na tunalichanganya kila siku.

Mchanganyiko unaanzia masikioni. Tazama jinsi orodha ya kwanza na ya pili zinavyokaribiana kwa sauti: waliohudhuria, waliotuma udhuru. Mtu anayemeza h atazitamka karibu sawa, ilhali moja ni ya waliokuwepo na nyingine ni ya wasiokuwepo. Hazina undugu wowote. Hudhuria imetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuwepo mbele ya watu, shina lile lile lililotupa hadhara na hadhira. Udhuru limetoka kwenye shina jingine kabisa, lenye herufi za ayn, dhal na ra, ambalo ndani yake mna ile fikra ya kuondolewa lawama.

Ugumu ni kwamba Kiarabu kina herufi tatu tofauti ambazo Kiswahili kimezikusanya zote katika dh moja. Kuna dhal, iliyomo katika udhuru, dhambi na adhabu. Kuna dhad, iliyomo katika hudhuria, radhi, dharura na dhamana. Na kuna ile ya tatu, iliyomo katika dhuluma, dhana na dhahiri. Mwarabu anayasikia makundi haya kuwa matatu. Sisi tunasikia kundi moja. Kwa hiyo maneno yaliyokuja kutoka pande tatu yamejikuta jirani, na majirani wakikaa pamoja muda mrefu watu huanza kudhani ni ndugu.

Jirani anayeleta matata zaidi ni kudhuru. Niliwahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi ameandika kwamba moshi wa sigara "una udhuru mkubwa kwa mapafu". Sikumlaumu, maana alikuwa amefuata kanuni. Kiswahili kinaunda nomino za dhana kwa kiambishi u-: zuri, uzuri, baya, ubaya, gumu, ugumu. Kama kuna kitenzi dhuru, kwa nini pasiwe na udhuru wenye maana ya madhara? Jibu ni kwamba hii u ya udhuru haikuongezwa na Mswahili. Ilikuja na neno lenyewe. Ni irabu iliyokuwa imeegemea herufi ayn, ile sauti ya kooni ambayo Kiswahili kiliiacha njiani. Ayn ilipodondoka ikabaki u imesimama peke yake mwanzoni mwa neno, ikafanana kabisa na kiambishi chetu. Ngeli nayo ikalipokea kwa sura hiyo: tunasema udhuru huu, na wanaotaka wingi husema nyudhuru hizi, kana kwamba ni neno la nyumbani tangu awali. Kudhuru, kwa upande wake, ni la dhad, na linakaa pamoja na madhara na dharura. Moja linahusu kuumiza, jingine linahusu kutolaumiwa kwa kuumiza. Ni vigumu kupata maneno mawili yanayofanana hivi na yenye kazi zinazopingana hivi.

Tuliangalie shina lenyewe. Wanazuoni wa lugha wa Kiarabu walijaribu kueleza picha iliyo ndani yake, na maelezo yanayonigusa zaidi ni yale yanayolihusisha na kufutika. Waarabu wa kale walitumia kitenzi cha shina hili kwa makazi yaliyohamwa, pale ambapo upepo na mchanga vimeyala mabaki mpaka alama za wakazi hazionekani tena. Kutoa udhuru, kwa picha hiyo, ni kufuta alama ya kinyongo iliyobaki moyoni mwa uliyemkosea. Wapo walioeleza vingine, lakini picha hii ya mchanga ukifukia nyayo inaonyesha jambo ambalo neno limelishika hadi leo: tukio lilikuwepo, na sasa alama yake imefifia.

Raghib al-Isfahani, aliyekusanya na kufafanua msamiati wa Qurani takriban miaka elfu moja iliyopita, aliligawa neno hili kwa namna ambayo bado sijaona iliyo bora kuliko yake. Alisema udhuru ni mtu kutafuta kitu cha kufuta dhambi yake, na kwamba huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni kusema: sikufanya. Ya pili: nilifanya kwa sababu ya jambo fulani, kisha ukalitaja jambo linalokutoa katika kundi la wakosaji. Ya tatu: nilifanya, na sitarudia. Hii ya tatu, akasema, ndiyo toba. Kila toba ni udhuru, lakini si kila udhuru ni toba.

Ukiziweka sura hizi tatu mbele ya Kiswahili unaona neno lilivyopungua lilipovuka bahari. Anayesema "sikufanya" hatusemi anatoa udhuru, tunasema anakana. Anayesema "nilifanya na sitarudia" tunasema anaomba msamaha au anaomba radhi, na methali yetu inamsubiri: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kiswahili kimechukua sura ya kati peke yake, ile ya "nilifanya, lakini sikiliza kilichonifikisha hapo". Nadhani hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anapaswa kulijua kuhusu udhuru wa Kiswahili. Haukani tendo na haujutii tendo. Unakubali kwamba jambo limetokea, kisha unaomba litazamwe pamoja na mazingira yake.

Qurani yenyewe inaliweka neno hili katika mizani mbalimbali. Katika Surat al-Qiyama, aya ya 2, inatajwa nafsi inayojilaumu, na hapo ndipo penye shina la lawama yetu. Aya ya 14 na ya 15 zinasema kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake hata akizitoa nyudhuru zake zote. Lawama na udhuru zimekutana katika sura moja, na udhuru umeonekana hautoshi, kwa kuwa aliye ndani anajua. Katika Surat al-Kahf mambo ni tofauti. Nabii Musa anafuatana na mja mwenye elimu, ambaye mapokeo yanamwita Khidhri, kwa sharti la kutouliza maswali. Anauliza mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Hapo, katika aya ya 76, anasema mwenyewe: nikikuuliza tena usifuatane nami, umeshapata udhuru kwangu. Soma kwa makini ni nani anayepata udhuru. Musa ndiye aliyevunja sharti, lakini udhuru unakwenda kwa mwenzake, kwa sababu yeye ndiye atakayemwacha mwenziwe safarini, na kumwacha mwenzio safarini ni jambo la lawama. Musa anamkabidhi mapema kile kitakachoiondoa lawama hiyo.

Waarabu wana msemo kwamba kuna udhuru mbaya kuliko dhambi, na kisa chake huhusishwa na Abunuwasi, yule mjanja tunayemjua kwa hadithi zake. Sultani alimtaka amletee mfano wa udhuru wa namna hiyo. Abunuwasi akasubiri mpaka sultani amepitiwa, akamfinya. Sultani akageuka kwa hasira. Abunuwasi akasema: nisamehe bwana wangu, nilidhani ni malkia. Msemo huu una maneno mawili ya dhal, udhuru na dhambi, na yote mawili tunayo. Kisa kinafundisha pia jinsi udhuru unavyofanya kazi: husikilizwa kwa sababu unaleta habari mpya, na habari hiyo ikiwa mbaya zaidi, mzigo unaongezeka.

Sasa kisingizio. Watu wengi hulitumia kana kwamba ni udhuru uliotamkwa kwa dharau, na kweli mara nyingi msikilizaji ndiye anayeamua alichosikia ni kipi. Lakini kitenzi kinafichua tofauti iliyo ya kina zaidi. Kusingizia kuna matumizi matatu. Mtu anaweza kumsingizia mwenzake wizi, yaani kumbandika kosa ambalo hakulifanya. Anaweza kusingizia kulala, yaani kujifanya amelala. Na anaweza kusingizia foleni barabarani kwa kuchelewa kwake. Katika yote matatu kuna uongo, na katika la kwanza na la tatu lawama haipungui hata chembe. Inahamishwa. Imetolewa kwa mwenyewe ikatwikwa kitu au mtu asiyehusika, hata kama kitu hicho ni mvua. Udhuru unaifuta lawama, kisingizio kinaihamisha. Ndiyo maana aliyesingiziwa anaweza kulalamika, lakini sijasikia mtu akilalamika kwamba ametajwa kwenye udhuru wa kweli wa mwenzake.

Sababu ni pana kuliko vyote viwili. Katika Kiarabu cha kale sababu ilikuwa kamba, na bado unaweza kuiona kamba hiyo: inaunganisha tendo na kilicholivuta. Kila udhuru ni sababu, lakini sababu nyingi si udhuru. Aliyeiba kwa sababu alitamani ametueleza ukweli mtupu, na bado analaumika kama awali.

Kuna jambo moja la fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ambalo limebaki katika matumizi ya Waswahili Waislamu na ambalo linafaa kufahamika na kila mzungumzaji. Mgonjwa na msafiri wana udhuru wa kutofunga Ramadhani. Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zinasema hivyo waziwazi, na papo hapo zinasema idadi hiyo itimizwe katika siku nyingine. Udhuru umeondoa dhambi, deni limebaki. Nje ya dini ni vivyo hivyo. Aliyelazwa siku ya kurejesha mkopo hana lawama, na mkopo bado unamsubiri. Magomvi mengi ninayoyasikia yanatokana na pande mbili kutotenganisha mambo haya mawili. Mmoja anadhani kwa kuwa ametoa udhuru amemaliza. Mwingine anadhani kwa kuwa deni lipo basi udhuru haukuwa wa kweli.

Kwa upande mwingine, neno limekuwa likiteleza. Siku hizi "amepata udhuru" mara nyingi maana yake ni kwamba kuna jambo la ghafla limemtokea: mgonjwa, msiba, ajali. Hapo udhuru umesogea mpaka kwenye kiti cha dharura, na kufanana kwa sauti kumerahisisha safari hiyo. Njia ya kuzitenga ni kuuliza kama kulikuwa na wajibu. Nyumba ikishika moto hiyo ni dharura, hata kama hakuna aliyetarajiwa kuwa popote. Lakini udhuru hauwezi kuwepo mahali pasipo na wajibu. Mtu ambaye hakualikwa, akiugua siku ya sherehe, ana ugonjwa tu. Hana udhuru, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsubiri. Dharura ni jina la tukio. Udhuru ni jina la kazi ambayo tukio hilo linaifanya kati ya watu wawili, mmoja aliyetarajia na mwingine aliyeshindwa kutimiza.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba lawama ama ipo au haipo. Orodha za katibu ziko hivyo: uko ya pili au uko ya tatu. Maisha hayako hivyo, na mahakama zinalijua hilo zaidi ya sisi wengine. Kuna hali ambazo haziondoi lawama yote lakini zinaipunguza. Lugha za Ulaya zimeliundia jambo hili maneno, na moja lililoenea, extenuate la Kiingereza, limetoka kwa Kilatini, extenuare, kufanya kitu kiwe chembamba. Zamani kitenzi hiki hakikuwa cha makosa peke yake. Uliweza kukipunguza unene kitu chochote, hata sifa njema. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anawaambia wananchi kwamba utukufu wa marehemu haujapunguzwa, na anatumia neno hilo hilo la kufanya chembamba. Baadaye likajifunga kwenye makosa, likabaki huko.

Ufaransa ililipa neno la ukoo huu nguvu kubwa ya kisheria. Sheria ya mwaka 1810 ilikuwa imepanga adhabu nzito na kumwachia mwamuzi nafasi finyu. Wazee wa baraza la mahakama, wakiona adhabu imezidi kosa, walikuwa wakimwachia huru mtu waliyejua amelitenda. Mwaka 1832 sheria ikarekebishwa, wakaruhusiwa kutamka kwamba mshtakiwa ana hatia lakini kuna hali zinazopunguza, na adhabu ikashuka. Kabla ya hapo walikuwa na majibu mawili tu, ana hatia au hana, na kwa kukosa la tatu walilazimika kusema uongo kwa huruma.

Kiswahili hakina nomino moja iliyozoeleka kwa jambo hili la tatu. Tuna kitenzi, na nadhani kitenzi chetu ni kizuri kuliko nomino zao. Mahakamani husemwa kwamba mshtakiwa ameomba apunguziwe adhabu: ni kosa lake la kwanza, amekiri, ana watoto wanaomtegemea. Angalia umbo la neno, punguziwa. Ile i katikati inatuonyesha mtu, yaani mwenye kunufaika na kupungua huko. Kosa halijaguswa. Tofautisha na kuhafifisha, neno lililotokana na Kiarabu chenye maana ya wepesi: anayehafifisha kosa anafanya kosa lenyewe lionekane si kitu, na tunamkemea. Unaweza kusema ubakaji ni ubakaji, wizi ni wizi, na bado ukamsikiliza aliyetenda. Kumpunguzia mtu na kuhafifisha tendo ni mambo mawili, na lugha imeyapa vitenzi viwili.

Nchini Kenya suala hili lilifika Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, iliyoamuliwa tarehe 14 Desemba 2017. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimlazimu jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia. Ombi la kupunguziwa liliweza kutolewa, lakini lisingebadili kitu. Mahakama ilisema ulazima huo unakiuka katiba, kwa sababu mtu ana haki ya kusikilizwa mpaka hatua ya mwisho, na ikataja mambo ya kuzingatiwa: umri, kama ni mkosaji wa mara ya kwanza, kukiri, majuto, uwezekano wa kurekebika, na kama tendo lilitokana na ukatili wa kijinsia aliofanyiwa. Julai 2021 mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ulihusu kosa la mauaji peke yake. Hukumu ya kifo haikufutwa. Kilichofutwa ni kumfunga jaji masikio. Kwa upande mwingine sheria hiyo hiyo ya Kenya, katika kifungu cha 7, inashikilia kanuni iliyo maarufu katika nchi nyingi, kwamba kutojua sheria si udhuru. Ujinga unaweza kumfanya mtu ahurumiwe, lakini haumtoi hatiani.

Nimetaja vitenzi, na kwa udhuru ndivyo vinavyobeba habari nyingi. Sikiliza vinavyoandamana nao. Mtu ana udhuru: ni hali yake, iwe imejulikana au haijajulikana. Amepata udhuru: umemjia bila yeye kuutaka. Ametoa udhuru, au ameutuma: ameuweka mbele ya wengine wauamue. Wameukubali, au wameukataa. Katika vyote hivi mwenye kosa ndiye anayehangaika na aliyekosewa amekaa akipokea.

Kuna kimoja tu kinachogeuza mwelekeo, nacho ni kutafutiwa. Katika mawaidha husemwa sana: mtafutie ndugu yako udhuru mpaka sabini. Wengi huunukuu usemi huu kama hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa hadithi huuhesabu kuwa ni kauli ya wema waliotangulia. Hapa aliyekosewa ndiye anayefanya kazi, tena mkosaji akiwa hayupo na hajasema lolote. Na usemi haukuishia kwenye sabini. Unaendelea kusema kwamba ukizitafuta zote usipate hata mmoja, sema: huenda ana udhuru nisioujua.